Makala juu ya Makala: Vijana wa Goma, Msitu na Riziki

Siku mwalimu wetu alipotuagiza kusoma makala mbili kabla ya kipindi, sisi tuliotoka Goma tulitazamana tukacheka. Kwetu makala ni mkaa. Makala ndiyo yaliyonilipia karo tangu shule ya msingi: mama yangu aliyauza sokoni, akipima kwa kopo kwa wenye haraka na kwa gunia kwa wenye uwezo. Kwa hiyo insha hii ni makala juu ya makala. Nataka kueleza jinsi vijana wa mji wetu walivyofika mahali pa kutafuta kazi ambayo haili msitu, na kwa nini njia hiyo ilikuwa ndefu.

Goma iko kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, chini ya volkeno ya Nyiragongo. Nyuma yake kuna Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambayo ni kongwe kuliko zote barani Afrika. Wabelgiji waliianzisha mwaka 1925 na kuipa jina la mfalme wao, Albert. Kwa wanakijiji, mwanzo wake ulikuwa katazo: usikate kuni, usiwinde, usilime. Hivyo tangu mwanzo hifadhi ilionekana kuwa mali ya wageni na ya serikali, wala si ya jirani anayeishi kando yake. Jambo hili lazima tulikumbuke, kwa maana linaeleza mengi yaliyofuata.

Wakati wa Mobutu, vijana walirithi mafunzo mawili yasiyopatana. La kwanza lilikuwa salongo, kazi ya pamoja ya kufagia barabara na kuzibua mifereji, iliyofanywa kwa amri na bila malipo. La pili lilikuwa kile kilichoitwa kwa mzaha kifungu cha 15: jitafutieni wenyewe. Salongo ilijali mahali pa wote lakini haikumlisha mtu. Kifungu cha 15 kilimlisha mtu lakini hakikujali mahali pa wote. Aliyekata mti hifadhini na kuuchoma makala alikuwa akitii kifungu hicho.

Mwezi wa saba mwaka 1994 mambo yalizidi. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwetu kwa siku chache. Kambi kama Mugunga, Kibumba na Katale zilikuwa kando kabisa ya hifadhi, na watu walihitaji kuni za kupikia kila siku. Mwaka huohuo Virunga iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kambi zilifungwa mwaka 1996, lakini vita viliendelea na mji ukakua kwa watu waliokimbia vijiji. Kila mgeni mjini alihitaji babula ya kupikia, na kila babula ilihitaji makala. Vikundi vyenye silaha viliona faida, vikatoza kodi wachomaji. Walinzi wengi wa hifadhi wameuawa, na mwaka 2007 hata sokwe wa milimani walipigwa risasi. Makala yalikuwa yamegeuka kuwa biashara ya vita.

Katikati ya hayo, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ililipuka. Lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Nilikuwa mdogo mno kukumbuka, lakini nilikulia juu ya mawe yale meusi. Vijana waliyavunja kwa nyundo wakayauza kwa kujengea misingi na kuta. Wengine walisafirisha mizigo kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali. Mahali ambapo hapakubaki udongo, watu walipanda mboga ndani ya magunia. Hakuna aliyeita hayo mradi. Hata hivyo naona humo mwanzo wa fikra mpya: kilichoachwa na maafa kinaweza kuwa riziki bila kugusa msitu.

Kuanzia mwaka 2007 mradi wa EcoMakala uliwashawishi wakulima kupanda miti, hasa mikaratusi, katika mashamba yao wenyewe ili makala ya mji yapatikane nje ya hifadhi. Lilikuwa wazo zuri, lakini kijana wa mjini asiye na shamba angepanda wapi?

Swali hilo ndilo lililotukutanisha vijana tisa wa mtaa mmoja. Tulikusanya unga wa mbao kwa maseremala, vumbi la makala lililobaki chini ya magunia ya mama zetu, na karatasi chakavu. Tuliviloweka, tukavichanganya na uji wa unga wa muhogo, tukakandamiza kwa mashine ya mbao, kisha tukaanika. Briketi za kwanza zilikuwa aibu. Ilikuwa msimu wa mvua, hazikukauka vizuri, na zilifukiza moshi nyumba nzima. Nilimpelekea mama, akaziwasha, akakohoa, akaniuliza, “Mwanangu, haya ni makala au ni matope?”

Nilimwambia tunaokoa msitu. Alijibu, “Msitu mnauokoa. Na mimi je?”

Jibu hilo lilinifundisha zaidi ya semina yoyote. Tulikuwa tumeanza kama salongo, tukiwahubiria watu walio na njaa, na tulikuwa tukitaka kumnyang'anya mama kazi bila kumpa nyingine. Tulibadili mpango. Tulijenga kibanda cha kuanikia, tukapunguza unga wa mbao na kuongeza vumbi la makala. Kisha tukawapa akina mama briketi wauze kwanza, walipe baadaye. Mama alianza kwa kuweka rundo dogo kando ya gunia lake. Baada ya miezi michache marundo yalikuwa mawili, na gunia lilikuwa limepungua kimo.

Sidai kwamba tuliiokoa Virunga. Mlipuko wa Mei 2021 ulitutawanya kwa wiki kadhaa. Vita vilivyoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 vilitutawanya tena, na baadhi yetu hatujarudi. Amani isipokuwapo, makala ya bei rahisi hutoka hifadhini.

Lakini historia hii imenipa hitimisho moja. Amri ya kulinda msitu bila riziki ilishindwa tangu 1925, na riziki bila kuulinda msitu ilitufikisha kwenye moshi. Vijana wanafaulu pale wanapoziunganisha hizo mbili katika kazi ambayo mama sokoni anaweza kuihesabia faida. Juzi aliniambia kwa simu kwamba mashine yetu ya mbao ameihifadhi chini ya kitanda, na kwamba wateja bado wanaulizia yale “matope” yetu.