Uchakataji wa Mawimbi ya Umeme wa Ubongo Katika Kutambua Jeraha la Kichwa

Mtu aliyegongwa kichwani anaweza kuzungumza na kutembea kama kawaida huku damu ikivuja polepole ndani ya fuvu. Damu hiyo ikikusanyika hukandamiza ubongo na inaweza kusababisha kifo endapo matibabu yatachelewa. Kipimo kinachotegemewa kuibaini ni CT-Scan, lakini si kila kituo cha afya kina mashine hiyo, na si kila majeruhi anaihitaji.

Njia mojawapo ya kumsaidia daktari kuamua ni kipimo cha EEG, kinachorekodi umeme wa seli za ubongo kupitia vihisio vinavyobandikwa kichwani. Daktari wa Ujerumani, Hans Berger, alirekodi umeme huo kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1929.

Umeme huo ni hafifu, kwa kawaida kati ya sehemu 10 na 100 za milioni ya volti, na huchanganyika na ule wa misuli na wa kupepesa macho. Kompyuta huukuza, huuchuja, kisha huyatenganisha mawimbi kwa idadi ya mitetemo yake kwa sekunde: delta, chini ya 4, theta, 4 hadi 8, alfa, 8 hadi 13, na beta, 13 hadi 30. Kwa mtu mzima aliye macho, kuongezeka kwa mawimbi ya polepole, au tofauti kubwa kati ya upande wa kulia na wa kushoto, huweza kuashiria jeraha.

Mwaka 2014, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha kifaa cha aina hiyo, BrainScope Ahead 100, kwa wagonjwa wa miaka 18 hadi 80 waliojeruhiwa ndani ya saa 24. Kifaa hicho ni cha kumsaidia daktari, wala hakichukui nafasi ya CT-Scan, kwa kuwa usingizi, pombe, dawa na kifafa pia hubadili mawimbi ya ubongo.

Wananchi wanakumbushwa kumfikisha hospitali bila kuchelewa majeruhi yeyote wa kichwa aliyepoteza fahamu, anayetapika mara kwa mara, aliyechanganyikiwa, mwenye degedege, mwenye udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au ambaye maumivu yake ya kichwa yanazidi.