Kibanja cha Buhaya

Kibanja, kwa Wahaya wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ni shamba la kudumu liizungukalo nyumba, ambamo migomba, mibuni, maharage na miti hustawi pamoja, nalo hurithiwa kizazi baada ya kizazi pasipo kulazwa. Katika elimu ya mazingira, ichunguzayo mahusiano ya viumbe na ardhi, maji na hewa viwapavyo uhai, kibanja ni mfano bora wa maisha endelevu, yaani maisha yanayotimiza haja za walio hai pasi na kuwadhulumu watakaozaliwa. Na ubora wa mfano huo ni kwamba rutuba yake haikutokana na asili ya udongo bali na kazi ya mikono.

Udongo na mvua

Mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, nayo hupungua kadiri mtu aelekeavyo magharibi. Udongo wenyewe, uliozaliwa na mwamba wa mchanga, ni haba wa virutubisho, na mvua hiyo nyingi huzidi kuviosha na kuvishusha chini isikofika mizizi. Mgeni aonaye vijiji vilivyofunikwa na migomba katikati ya nyika za nyasi, ziitwazo rweya, hudhani kuwa wenyeji walijichagulia mahali penye neema, kumbe aghalabu udongo wa kibanja na wa rweya asili yao ni moja.

Namna kibanja kilishwavyo

Tofauti ililetwa na ng'ombe na nyasi. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, wakalala nyumbani usiku, na samadi yao ikatiwa mashinani mwa migomba. Nyasi za rweya nazo zilikatwa zikatandazwa shambani, au zikatandikwa kwanza sakafuni mwa msonge, nyumba ya asili ya Wahaya, na zilipochakaa zikatolewa zikaoze chini ya migomba. Maganda ya ndizi, majivu ya jikoni na majani makavu hurudi ardhini vivyo hivyo. Aidha, mimea yenyewe imepangwa kwa tabaka: miti mirefu, mathalani mitoma, huwa juu, migomba hufuata, mibuni hukaa kivulini, na chini kabisa hutambaa maharage na maboga, hata matone ya mvua yasipate mahali pa kuupiga udongo ulio uchi. Walakini fadhila hii ilikuwa na mlipaji wake, kwani rweya ilitoa nyasi na samadi mwaka hata mwaka, ilhali yenyewe haikurudishiwa kitu, ikabaki kupandwa njugumawe katika vishamba vilivyolimwa kisha vikapumzishwa kwa miaka mingi.

Mitihani ya zamani

Buhaya, nchi ya Wahaya, haikuwa daima na mizani iliyotulia. Uchimbuzi wa mwanaakiolojia Peter Schmidt huko Katuruka na Kemondo, mkoani Kagera, ulifichua tanuri za chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita, ambazo makaa yake yalidai misitu mingi. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe, na kwa hiyo ikapunguza samadi. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa Bukoba waliandamana kupinga kanuni za ukulima walizowekewa na serikali ya kikoloni, ikadhihirika kuwa maarifa yaletwayo kwa amri bila ridhaa ya mkulima hayaoti mizizi.

Hali ya sasa

Leo vibanja hugawanywa kwa warithi hata vikawa vipande vidogo, sehemu za rweya zimepandwa misindano na mikaratusi, na kaya nyingi hazina ng'ombe. Kila mkungu na kila gunia la kahawa liendalo sokoni huchukua potasiamu na naitrojeni zisizorudi. Fukusi na minyoofundo hushambulia migomba iliyodhoofika, na tangu mwaka 2006 mnyauko wa bakteria umeingia Kagera. Dawa ya maradhi haya ya mwisho ni usafi: panga husafishwa kwa moto au kwa dawa kabla ya kugusa shina lingine, na ua dume huvunjwa kwa kijiti chenye panda, pasipo kulitia kisu, ili wadudu wasilete ugonjwa kupitia ua hilo. Kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, hushughulikia migomba ya ukanda huu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 humpa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na kumtwika wajibu wa kuyalinda. Kwa mkulima wa Bukoba na Muleba wajibu huo una sura iliyo wazi: kufuga ng'ombe japo mmoja zizini, kuozesha mboji, kupanda mikunde, na kuiachia rweya sehemu ya nyasi zake. Kibanja kisichorudishiwa kilichochukuliwa kitaishia kuwa rweya.