Mvumo na Jino la Ndovu katika Bonde la Kilombero

Historia ya biashara ya pembe katika bonde la Kilombero huandikwa kwa kulifuata jino la ndovu kutoka bara hadi pwani, mvumo hautajwi. Hata hivyo, mbegu ya mvumo ikikomaa huwa ngumu na nyeupe mfano wa pembe. Huko Eritrea, chini ya utawala wa Waitalia, mbegu za mkoma, jamaa ya mvumo, zilipelekwa Ulaya kutengenezwa vifungo vya nguo, biashara ambayo plastiki iliidhoofisha baadaye. Kilombero kilichotafutwa ni jino. Lakini ndovu hula matunda ya mvumo na kuzitawanya mbegu kwa kinyesi chake. Kwa maoni yangu, misafara ya karne ya 19 ilipunguza ndovu na wapanzi wa mivumo kwa pamoja.