Mshairi Aliyezikwa Angali Hai

Wahenga walituachia neno: asiyekuwapo na lake halipo. Tumeizoea methali hii hata hatuihoji tena. Lakini iko filamu ya Kihindi ya mwaka 1957 iliyoihoji, ikaonyesha kwamba kwa mshairi mambo huenda kinyume: akiwapo, lake halipo, akiisha kuondoka, ndipo lake huwapo, na wenye kulifaidi huwa wengine. Filamu yenyewe ni Pyaasa, yaani Mwenye Kiu. Aliyeiongoza, akaigiza pia nafasi ya mshairi, ni Guru Dutt, mzaliwa wa Bangalore wa mwaka 1925.

Kisa kinatokea Kalkuta. Vijay ni mshairi maskini ambaye hakuna anayetaka kuyachapisha mashairi yake, na ndugu zake wa tumbo moja wameyauza kwa mnunuzi wa karatasi kuukuu. Anayezinunua karatasi hizo ni Gulabo, mwanamke anayeuza mwili wake, naye huyasoma mashairi hata yakamkaa moyoni. Usiku mmoja Vijay, akiwa amekata tamaa, anampa ombaomba koti lake. Ombaomba yule anauawa na treni, na kwa sababu ya lile koti watu wanadhani aliyekufa ni mshairi. Gulabo anayapeleka mashairi kwa mchapishaji, bwana Ghosh, yule yule aliyeyakataa zamani. Kitabu kinatoka na kugombewa. Vijay anaposema kuwa yu hai, mchapishaji anawahonga ndugu zake na rafiki yake wamkane.

Siku ya kumbukumbu ya kifo chake ukumbi umefurika, na marehemu mwenyewe amesimama mlangoni, akiimba wimbo wa kuikataa dunia yao. Mpiga picha V. K. Murthy ameiweka nuru nyuma yake, hata uso ukawa gizani, na mikono iliyotandazwa mlangoni ikawa kama ya msulubiwa. Mwisho wa yote, watu wanapokuwa tayari kumtambua na kumtukuza, Vijay anasema kuwa yeye si Vijay, kisha anaondoka na Gulabo.

Maneno ya nyimbo hizo ni ya Sahir Ludhianvi (1921–1980), mshairi wa Kiurdu aliyekuwa na jina kabla hajaingia katika sinema. Wimbo mmoja, ule ambao Vijay anauimba akipita katika mtaa wa makahaba, ulikuwa shairi tangu miaka ya 1940, nalo limo katika diwani yake iitwayo Talkhiyan. Katika shairi la asili, kibwagizo kiliuliza wako wapi wausifuo utakatifu wa Mashariki, tena kwa maneno mazito yenye asili ya Kiajemi, ambayo mtazamaji wa kawaida asingeyafahamu kwa urahisi. Kwa ajili ya filamu Sahir alikibadili, akauliza wako wapi wanaojivunia India.

Msomaji aliyewahi kufasiri ushairi atatambua uzito wa badiliko hilo. Aghalabu sisi wafasiri hudhani kwamba kulainisha lugha ni kulipunguza shairi. Hapa neno jepesi lilichoma zaidi. Miaka 10 tu baada ya uhuru wa mwaka 1947, swali lililokuwa la wasomi liligeuka kuwa la kila mtu aliyeketi ukumbini.

Guru Dutt, Sahir na mtunzi wa muziki S. D. Burman walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu filamu ya Baazi, mwaka 1951. Baada ya Pyaasa, Sahir na Burman walitengana wasishirikiane tena. Kiini cha ugomvi kilikuwa sifa: ni nani hasa aliyezifanya nyimbo zile zipendwe, mwenye maneno au mwenye mahadhi? Sahir hakuwa mtu wa kunyamaza. Alipigania hata redio ya India iwe inamtaja mtunzi wa maneno pamoja na mwimbaji. Wapo walioyaita hayo majivuno. Mimi naona kwamba mtu aliyemwandikia Vijay nyimbo zake, Vijay aliyeporwa jina, asingeweza kukaa kimya jina lake mwenyewe likisahauliwa.

Guru Dutt naye yalimfika. Mwaka 1959 alitoa Kaagaz Ke Phool, yaani Maua ya Karatasi, filamu ya kwanza ya India ya sinemaskopu, inayosimulia maisha ya mwongozaji aliyesahauliwa, akafia katika kiti chake cha kazi studioni. Watazamaji waliikataa. Tangu hapo hakuweka tena jina lake kama mwongozaji wa filamu yoyote. Alifariki Bombay tarehe 10 Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 39. Leo filamu ile iliyokataliwa huhesabiwa miongoni mwa filamu kuu za India, na mwaka 2005 jarida la Time la Marekani liliiweka Pyaasa katika orodha yake ya filamu 100 bora. Wahudhuriaji wa ukumbi wa Vijay hawaishi.

Nasi watu wa pwani tusijitoe katika ukumbi huo. Sinema za Kihindi tulizipenda, na mahadhi yake tukayatia katika taarab. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa aliyavisha maneno ya Kiswahili hata yakawa yetu. Lakini ni mara ngapi tumetikisa vichwa kwa wimbo, tukamtaja mwimbaji, tukamtunza, ilhali aliyeyatunga maneno hatumjui, na pengine ameketi nyuma yetu kimya? Tusingoje tanga lake ndipo tuulize diwani yake iko wapi. Tumtaje angali hai, akiwa anasikia.