Watu-simba wa Singida

Watu-simba wa Singida ni jina la mauaji yaliyotokea katika nchi ya Wanyaturu, Tanganyika, miaka ya 1940, na pia la simulizi iliyoyazunguka: kwamba vijana walivishwa ngozi ya simba na kutumwa kuua kwa malipo. Watu walikufa kweli, na serikali ya kikoloni ilinyonga washtakiwa. Lakini ngozi yenyewe, kitu cha kutisha kuliko muuaji, ilitungwa na wengi: majirani, mashahidi, polisi, maofisa wa wilaya. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Mmarekani Harold K. Schneider alichapisha makala ya kuipima upya habari hiyo.

Anayehakiki hadithi za kutisha zinazotungwa kwa ushirika mtandaoni aanzie hapa. Mradi wa SCP, mfano wa hadithi hizo ulioanza 2007, hueleza vitu vya ajabu kwa lugha kavu ya faili: namba, tahadhari, maneno yaliyofutwa kwa wino mweusi. Singida nako faili la polisi na maofisa ndilo lililoipa ngozi uzito. Itapingwa kwamba SCP ni ubunifu uliokiri kuwa ubunifu, wala haumnyongi mtu. Kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo kanuni ya utunzi ni ileile: jeraha lisilojulikana kama ni la kucha au la kisu linatisha. Kila mtungaji anayeiongezea ngozi uwezo mpya anaondoa shaka hiyo, na kurasa nyingi za SCP huharibikia papo hapo.