Bodi huzeeka, lenzi hubaki

Wadau, kila nikifika Bariadi vijana wananiuliza: "Kaka, nataka kuanza kupiga picha, ninunue kamera gani?" Kabla sijajibu, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1959 Nikon walitoa kamera ya F. Kipete cha kufungia lenzi walichoanza nacho ndicho walichoendelea nacho hadi kwenye D-SLR. Canon walibadili chao mwaka 1987 walipoleta EOS. Wenye lenzi za zamani waliumia, lakini D-SLR zote za Canon zinatumia kipete hicho cha 1987.

Sasa tazama bodi. Mwaka 1991 Kodak waliichukua Nikon F3 wakaifanya ya dijitali: megapikseli 1.3, na boksi la kuhifadhia picha linaning'inia begani! 1999 ikaja Nikon D1, megapikseli 2.7. 2003 Canon 300D, megapikseli 6.3, chini ya dola 1,000. Bodi ya juzi inageuka pambo la kabatini, lenzi bado inapiga kazi.

Mimi sikulijua hilo. Nilimaliza akiba yangu kwenye bodi mpya, nikabaki na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Nikaenda kupiga ngoma za Wasukuma baada ya mavuno, Bagika na Bagalu wakishindana. Mambo yanakolea jua likizama. Picha zangu zikatoka giza, mikono ya wachezaji ukungu mtupu. Mhariri hakutumia hata moja. Mwenzangu mwenye bodi ya mtumba na lenzi ya 50mm f/1.8 alitoka ukurasa wa mbele. Lenzi yake ikifunguka yote huingiza mwanga karibu mara 10 ya yangu ikiwa f/5.6. Hapo ndipo nilipoelimika.

Kwa hiyo jibu langu: bodi ya mtumba, lenzi nzuri. Ila chunguza: Nikon ndogo kama D40 ya 2006 hazina mota ndani, lenzi za zamani utazifokasi kwa mkono. Na vumbi la uwanjani likiwa juu, usibadilishe lenzi.

Ni kweli kamera zisizo na kioo ndizo zinazotawala sasa. Lakini kwa adapta, lenzi hizo hizo zinahamia huko.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012. Historia yake ya picha bado changa, na tusipoipiga sisi, wajukuu watasimuliwa tu.

Naomba kuwasilisha.