Naftalini, dhahabu na plastiki inayojishtaki

Nimepotea wiki kadhaa, mnisamehe, kazi ilinibana. Nilikuwa naandika programu ya kulinda seva za kampuni fulani, na kila usiku saa nane ilinitumia onyo kwamba seva imelemewa. Nilikesha siku tatu nikitafuta kosa, kumbe aliyeilemea seva ni programu yangu yenyewe. Mlinzi ndiye aliyekuwa mwizi!

Nilipomsimulia rafiki yangu aliyesoma fizikia, alicheka. Akasema watu wa nyutrino wamepambana na shida hiyo miaka mingi. Nikaanza kusoma.

Nyutrino ni chembe isiyo na chaji. Wolfgang Pauli aliitabiri mwaka 1930. Frederick Reines na Clyde Cowan wakainasa mwaka 1956 kando ya kinu cha nyuklia Marekani. Inaweza kupita dunia nzima bila kugusa kitu, kwa hiyo anayeitafuta hungoja sana. Na akiwa anangoja, kila kitu kingine kinampigia kelele: mionzi ya angani, ukuta, waya, hata skrubu.

Kelele hizo tunazo nyumbani. Mama yangu ametoka Homa Bay, upande wa Lambwe. Vilima vya Ruri ni mabaki ya volkano za kale, na mawe yake yana thoriamu nyingi kuliko wastani wa dunia. Watafiti wa Kenya waliopima Lambwe Mashariki walichapisha matokeo yao mwaka 2012. Thoriamu ikioza, karibu na mwisho wa mlolongo wake hutoka miale ya gama yenye nguvu ya keV 2,615. Shikeni namba hiyo.

Mionzi huonekana kwa mwanga. Mwaka 1947 mjini Berlin, Hartmut Kallmann aliweka naftalini (ndiyo, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kwenye nguo) mbele ya kifaa cha kukuza mwanga hafifu. Mionzi ikiipiga, naftalini inametameta. Mwaka 1950 Schorr na Torney walionyesha kwamba kemikali za namna hiyo zaweza kuyeyushwa ndani ya plastiki ngumu, ambayo unaikata upendavyo.

Kelele za angani dawa yake ni kwenda chini, na waliokwisha kuchimba ni watu wa dhahabu. Mwaka 1965 nyutrino zinazozaliwa angani zilionekana kwa mara ya kwanza katika migodi miwili: East Rand, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 3 chini, na Kolar, India, zaidi ya kilomita 2, ambako walitumia plastiki inayometameta. Mimi ni wa Migori, na mjomba wangu alichimba dhahabu Macalder. Mashimo yetu hayafiki huko hata kidogo, lakini nilijisikia kama nimetajwa.

Tatizo ni kwamba ukiikimbia mbingu unaikumbatia miamba, na miamba ina thoriamu.

Sasa twende Italia. Chini ya mlima wa Gran Sasso, jaribio la LEGEND-200 lilianza kukusanya data mwaka 2023. Linatafuta gerimaniamu-76 inayooza kwa kutoa elektroni 2 bila nyutrino yoyote. Jaribio lililotangulia, GERDA, lilionyesha mwaka 2020 kwamba nusu-uhai wa tukio hilo, kama lipo, unazidi miaka 1 yenye sifuri 26. Alama yake ni keV 2,039. Mmeona hatari? Miale ya 2,615 ikipoteza nguvu kidogo njiani, inaweza kuacha 2,039 kamili.

Fuwele za gerimaniamu lazima zishikwe na kitu, na kishikizo kilikuwa bubu. Mwaka 2011 Hidehito Nakamura na wenzake wa Japani walitangaza kwamba PEN, plastiki ya kawaida na ndugu wa ile ya chupa za soda, hutoa mwanga wa buluu yenyewe bila kuongezwa kitu. LEGEND wakaitengenezea sahani za kushikia fuwele. Gama ikipoteza nguvu ndani ya sahani, sahani inawaka. Fuwele ikiitika papo hapo, tukio linatupwa. Kwetu sisi ni mstari mmoja tu wa "kama". Na ile N ya PEN inatokana na naftalini: pete mbili zile zile za Kallmann.

Nami nimefanya hivyo. Programu yangu sasa inaandika saa kila inapofanya kazi, na onyo la dakika hiyo halinisumbui tena. Nalala.

Lakini kuna jambo linaloniuma. Nyumba ya nyanya kule Lambwe imejengwa kwa mawe ya pale pale. Wenzetu wanatafuta thoriamu ndani ya skrubu; ukuta anaolala nao nyanya hakuna aliyewahi kuupima. Desemba nikienda nyumbani nataka kwenda na kipimo cha kuazima. Mwenye nacho aniandikie. Namba nitawaletea hapa hapa, ziwe nzuri au mbaya.